Injini Iachwe Itikisike, Isiachwe Ihame: Namna ya Kukalisha Injini Katika Boti za Mfano za Mashindano

Boti za mfano za mashindano ni vyombo vidogo vya majini, vingi vikiwa na urefu wa kati ya sentimeta 60 na mita moja na nusu, vinavyoongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama ukingoni mwa bwawa au ziwa, na ambavyo ndani yake hubeba injini ya kweli inayochoma mafuta, kuzungusha propela na kukisukuma chombo kwa mwendo unaoweza kuzidi kilometa 80 kwa saa. Wazo la kuongoza boti kwa redio lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa Nikola Tesla alipewa hataza yake nchini Marekani tarehe 8 Novemba 1898, na mwaka huohuo aliionyesha boti yake hadharani katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Boti hiyo, hata hivyo, ilitumia mota ya umeme na betri, na kwa sababu hiyo haikukutana na tatizo ambalo limewasumbua waundaji waliokuja baadaye tangu walipoanza kutia injini za kuchoma mafuta katika maganda mepesi, nalo ni mtetemo.

Mashindano ya leo yana vyama vyake, kama NAVIGA, shirika la dunia la uundaji wa meli za mfano lililoanzishwa mwaka 1959, na vyama vya NAMBA na IMPBA huko Marekani. Miongoni mwa madaraja ya NAVIGA lipo lile la FSR-V, ambalo boti kadhaa hushindana kwa pamoja kuzunguka maboya kwa muda mrefu, fainali yake ikidumu nusu saa nzima, na mshindi akiwa ni yule aliyemaliza mizunguko mingi zaidi. Katika shindano la aina hiyo injini yenye nguvu kupita zote haina faida ikiwa bolti moja imelegea dakika ya kumi na nane, na ndiyo maana suala la namna injini inavyokalishwa ndani ya boti, ambalo kwa mtazamaji wa pembeni huonekana dogo, kwa mwenye boti ni suala la kushinda au kuopolewa majini na mtumbwi wa uokoaji.

Chanzo cha mtetemo ni pistoni. Katika injini ya silinda moja, kipande hicho cha aluminiamu hupanda hadi juu ya silinda, husimama kwa kitambo kisichoonekana kwa jicho, hushuka hadi chini, husimama tena, kisha hupanda. Na kwa kuwa hakuna kitu chenye uzito kinachoweza kusimamishwa na kuondoshwa bila nguvu kutumika, kranki, yaani mhimili uliopinda unaogeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa mzunguko, hulazimika kuivuta na kuisukuma pistoni katika kila mzunguko, nayo pistoni huirudishia kranki, beringi na mwili mzima wa injini nguvu ileile kwa upande wa pili. Injini yenye silinda nyingi huweza kupangwa ili pistoni moja ikipanda nyingine ishuke na nguvu zao zifutane, lakini injini ya boti ya mfano kwa kawaida ina silinda moja tu, na pistoni yake haina mwenzake wa kuijibu.

Ukubwa wa nguvu hiyo unastahili kuhesabiwa, kwa maana bila hesabu ni vigumu kuamini. Mfano mzuri ni injini za petroli za kampuni ya Zenoah ya Japani, ambazo asili yake ni injini za mashine za kufyekea nyasi, za ukoo mmoja na zile zinazobebwa na wafyekaji wa kandokando ya barabara za Afrika Mashariki, isipokuwa kwamba silinda ya injini ya boti haipozwi kwa feni bali huvishwa koti la maji. Toleo linaloitwa G260PUM lina silinda yenye kipenyo cha milimita 34 na pistoni inayosafiri milimita 28, hivyo ujazo wake ni takriban sentimeta za ujazo 25.4. Ikichukuliwa kwamba pistoni, pini na pete zake zina uzito wa gramu 80, na kwamba injini inazunguka mara 15,000 kwa dakika, ambazo ni mara 250 kwa sekunde, basi hesabu ya fizikia inayozidisha uzito huo kwa nusu ya safari ya pistoni na kwa mraba wa kasi ya mzunguko hutoa nguvu ya takriban nyutoni 2,760, karibu sawa na uzito wa kilo 280. Nguvu hiyo huelekea juu, kisha chini, na hurudia hivyo mara 250 katika kila sekunde, ndani ya ganda la faibaglasi ambalo mtoto wa darasa la tatu anaweza kulibeba kwapani. Kwa kuwa kasi huingia katika hesabu kwa mraba wake, injini hiyohiyo ikizunguka nusu ya kasi, mara 7,500 kwa dakika, nguvu hushuka hadi robo, yaani kilo 70. Na hapo ndipo panapoeleweka kwa nini injini inayokwenda kwa utulivu shambani huivunjavunja boti pindi inapopandishwa kasi kwa ajili ya mashindano.

Watengenezaji wa injini hawakulikalia kimya tatizo hili. Upande wa pili wa kranki huwekwa uzito wa kusawazisha, ambao huzunguka ukiwa mkabala na pini ya kranki na kupunguza nguvu ya juu na chini. Dawa hiyo ina mpaka wake, kwa sababu uzito wa kusawazisha huzunguka ilhali pistoni huenda juu na chini tu, na kwa hiyo kila gramu inayofuta nguvu ya wima huzaa nguvu ya ubavuni pale kranki inapofika nusu ya mzunguko wake. Mtengenezaji angeweza kuifuta nguvu ya wima yote, lakini angekuwa ameilaza tu, si kuiondoa. Suluhu ya kawaida ni kusawazisha karibu nusu, ili kilo 280 za mfano huu zigawanyike kuwa takriban 140 za juu na chini na 140 za kulia na kushoto. Kupungua huko ni kwa kweli, lakini kilo 140 bado ni nyingi.

Injini ikifungwa kwa bolti moja kwa moja juu ya reli ngumu za aluminiamu zilizogundishwa ndani ya boti, nguvu zote hizo huingia katika ganda, na athari zake huonekana mahali ambapo mtu asiyezoea asingetarajia. Ya kwanza huonekana katika mafuta. Tangi linalotikiswa mara 250 kwa sekunde hugeuza mafuta kuwa povu, na mwenye jicho zuri huliona povu hilo likipita katika mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, viputo vyeupe vimefuatana kama shanga. Kabureta hupokea hewa mahali pa mafuta, mchanganyiko huwa mwepesi, joto la silinda hupanda, na kwa kuwa katika injini ya mipigo miwili mafuta ya kulainishia huja pamoja na petroli, pistoni hukosa ulainisho wakati huohuo inapopata joto la ziada, kisha hukwama. Wengi huilaumu sindano ya kabureta kwa hasara hiyo, wakairekebisha siku nzima, ilhali kosa liko chini ya miguu ya injini.

Athari nyingine ni za polepole zaidi. Nati hulegea, waya hukatika pale unapoungwa kwa risasi, na meno ya sevo, ile mota ndogo inayogeuza usukani na kufungua kabureta, hulika kabla ya wakati. Vipokezi vya zamani vya redio vilivyotumia fuwele ya kwatzi viliathirika mno, kwa kuwa fuwele ni kitu chembamba kinachovunjika kwa mshtuko. Na hata chuma kinachosuguana na chuma katika fimbo ya kabureta huzaa kelele ya redio ambayo vipokezi hivyo viliichukua kama amri, jambo lililowafanya waundaji watie kiungo cha plastiki mahali fulani katika fimbo hiyo. Zaidi ya hayo, ganda lenye pande bapa hupokea mtetemo na kuusambaza hewani, hivyo boti hupiga kelele kuliko injini yenyewe ingalivyopiga ikiwa peke yake, na kelele ni jambo ambalo limezifungia klabu nyingi za Ulaya milango ya mabwawa yaliyo karibu na makazi.

Jawabu linalokuja upesi akilini ni kuifunga injini kwa nguvu zaidi: reli nene, bolti kubwa, gundi nyingi. Jawabu hilo si sahihi, na sababu yake ndiyo kiini cha somo zima. Injini ambayo haikufungwa popote, iliyoning'inia hewani, nayo ingetikisika, lakini ingetikisika kwa kiasi kinachotegemea uwiano wa uzito wa pistoni na uzito wa injini nzima. Pistoni ya gramu 80 ndani ya injini ya kilo 2.5, iliyosawazishwa nusu, huisogeza injini hiyo robo ya milimita hivi kila upande, na la ajabu ni kwamba kiasi hicho hakiongezeki kasi inapopanda: kwenye mizunguko 8,000 ni robo ya milimita, na kwenye 16,000 ni robo ya milimita vilevile. Kinachoongezeka kwa mraba ni nguvu inayohitajika kuizuia injini isisogee. Kwa hiyo mwenye boti ana hiari mbili tu, ama aiachie injini robo yake ya milimita, ama alipe kilo 140 za nguvu, mara 250 kwa sekunde, ili kuinyima.

Ulimwengu wa magari uliliona jambo hili mapema. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake ya silinda nne ilikalishwa juu ya raba mbele na nyuma, zikiwa zimepangwa ili mstari unaoziunganisha upite katika kitovu cha uzito wa injini, nayo injini ikaachwa ijizungushe kidogo juu ya mstari huo badala ya kuling'ang'ania fremu. Citroën ya Ufaransa ilinunua haki ya kutumia mpango huo na mwaka 1932 ikaanza kuutangaza kwa nembo ya ndege wa majini aina ya bata-maji mwenye shingo ndefu. Raba ambazo mafundi wa magari wa leo huzibadilisha kila siku chini ya injini ni wazao wa mpango huo, na waundaji wa boti za mfano walichofanya ni kuupunguza ukubwa na kuuongezea sharti moja ambalo gari halina, kwa maana katika boti injini yenyewe ndiyo inayopokea msukumo wa propela.

Sharti hilo linahitaji kuelezwa kwa utulivu. Katika boti nyingi za petroli, nguvu ya injini hupelekwa kwenye propela kwa kebo iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma, yenye kipenyo cha milimita 6.35, inayozunguka ndani ya bomba la shaba lililopinda, sawasawa na ile kebo ya spidimita ya pikipiki inavyozunguka ndani ya ala yake. Kebo hiyo inapobeba mzigo hujikaza katika msokoto wake na kufupika, na ndiyo sababu mbele ya propela huachwa nafasi ya milimita kadhaa kati ya kikamatio chake na mguu wa chuma unaoishikilia nyuma ya tezi, ili kufupika huko kusikifanye kikamatio kisage mguu. Nafasi hiyo ikiwepo, propela haina inapoegemea ila kwenye kebo, kebo haina inapoegemea ila kwenye kranki, na msukumo wote unaoipeleka boti mbele hupita katika beringi za injini na kuishia kwenye raba zake. Msukumo wenyewe ukiwa wa kudumu si mkubwa; injini ya kilowati 2 katika boti inayokwenda mita 20 kwa sekunde, hata nusu ya nguvu yake ikifika majini, husukuma kwa takriban kilo 5. Hatari iko katika mishtuko, pale boti inaporuka juu ya wimbi, propela ikazunguka hewani bila mzigo, kisha ikayauma maji kwa ghafla.

Injini basi inatakiwa iwe huru na ifungwe kwa wakati mmoja, na kwa bahati njema maumbile ya boti yenyewe yameyatenganisha mambo hayo mawili. Kranki hulala kwa urefu wa boti, kutoka omo kuelekea tezi, hivyo nguvu za pistoni na za uzito wa kusawazisha huelekea juu, chini, kulia na kushoto, lakini haziendi mbele wala nyuma, ilhali msukumo wa propela huenda mbele tu. Mwundaji akipata kishikizo kilicho laini katika pande nne za kwanza na kigumu katika mwelekeo wa omo na tezi, atakuwa ameipa injini uhuru wake na propela egemeo lake bila ya kimoja kukidhulumu kingine.

Kishikizo cha namna hiyo kipo, na ni raba ya kawaida ikiwekwa kwa akili. Kipande cha raba cha mviringo chenye bolti kila upande huwa kigumu kikibanwa kutoka mwisho hadi mwisho, lakini huwa laini mara kadhaa zaidi kikisukumwa ubavuni ili tabaka zake ziteleze moja juu ya nyingine. Vipande vinne vikilazwa ili mhimili wa kila kimoja uelekee omo na tezi, viwili kwenye bamba la mbele la injini na viwili kwenye bamba la nyuma, mtetemo hukutana na upande laini na msukumo hukutana na upande mgumu. Waundaji wengi husimamisha raba hizo wima chini ya miguu ya injini, kwa kuwa ni rahisi kuzifunga, na hapo hupata kinyume cha kinachotakiwa: ugumu dhidi ya mtetemo wa wima na ulegevu dhidi ya propela. Mpango huo hufanya kazi katika boti za starehe, lakini kwa mashindano ni vigumu kuupendekeza.

Ugumu wa raba nao una kanuni yake, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kila kitu kizito kilichokalia kitu kinachonepa kina idadi yake ya mitikisiko kwa sekunde ambayo hukielekea kwa wepesi, idadi ambayo huitwa marudio asilia na kupimwa kwa hezi, hezi moja ikiwa ni mtikisiko mmoja kwa sekunde. Kikisukumwa kwa marudio hayohayo, kila msukumo hukuta kitu tayari kinaelekea unakotaka kukipeleka, mtikisiko hujilimbikiza, na hali hiyo, iitwayo rezonansi, huvunja vitu. Raba huanza kuizuia nguvu isipite pale tu injini inapozunguka zaidi ya mara 1.4 ya marudio asilia. Chini ya kiwango hicho raba haipunguzi nguvu bali huiongeza. Ikiwa injini ya kilo 2.5 imekaa juu ya raba zinazoipa marudio asilia ya hezi 40, basi kwenye kasi ya mashindano ya hezi 250 nguvu inayofika kwenye ganda, kwa hesabu ya karatasini, haizidi asilimia 3, na zile kilo 140 hugeuka kuwa 4. Raba halisi huwa ngumu zaidi inapotikiswa haraka, na ganda la boti ni jepesi kuliko hesabu hiyo inavyodhani, kwa hiyo matokeo ya majini hayafikii uzuri huo, lakini tofauti bado ni kubwa kiasi cha kusikika kwa sikio.

Raba zikiwa ngumu mno, tuseme za kuipa injini marudio asilia ya hezi 200, mambo hugeuka. Kwenye mizunguko 12,000 kwa dakika injini itakuwa katikati ya rezonansi, na kwenye 15,000 ganda litapokea nguvu kubwa kuliko ambayo lingepokea injini ingefungwa bila raba yoyote. Kwa sababu hiyo kauli inayosikika mara kwa mara, kwamba raba ngumu kidogo ni bora kuliko kukosa raba, haina msingi, na waliojaribu raba ngumu wakakata tamaa waliacha njia nzuri kwa kosa la kipimo. Kipimo chenyewe si cha kutisha: ili injini ya kilo 2.5 juu ya raba nne ipate marudio ya karibu hezi 40, kila raba inapaswa kunepa takriban milimita moja ikining'inizwa uzito wa kilo 4 katika mwelekeo wake laini, jambo ambalo yeyote mwenye jiliwa, rula na chupa mbili za maji za lita mbili anaweza kulipima mezani kabla ya kutoboa tundu hata moja.

Ulaini huo una gharama zake, na ni vyema zijulikane mapema. Injini ikiwa katika mwendo wake wa chini kabisa huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, ambazo ni hezi 50, jirani kabisa na rezonansi ya hezi 40, na kwa hiyo boti iliyokalishwa vizuri hutetemeka sana ikiwa imesimama ukingoni na kutulia inapofunguliwa mafuta. Asiyejua huona kasoro pale ambapo mpango unafanya kazi yake. Hata hivyo vizuizi vinahitajika, yaani vipande vya chuma au plastiki vilivyowekwa karibu na bamba la injini kwa umbali wa milimita moja na nusu hivi, visivyogusa chochote katika mwendo wa kawaida lakini vikaipokea injini pale boti inapopinduka au kuangukia wimbi. Bolti nayo ni bora ipite katikati ya raba kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikiwa na washa pana kila mwisho, ili raba ikichanika injini ibaki imeshikwa, kwa kuwa injini iliyong'oka ikiwa inazunguka hukata bomba la mafuta na kutoboa ganda kwa pamoja. Aina ya raba isipuuzwe pia: mpira wa asili hufyonza petroli na oili, ukavimba na kulegea, ilhali raba ya nitraili huvumilia zaidi, na ya aina yoyote ile inafaa kubadilishwa kila msimu hata kama machoni inaonekana nzima.

Uhuru wa robo ya milimita hauna maana ikiwa kitu kingine kimeifunga injini kwa mlango wa nyuma. Ekzosi ya injini ya mashindano ni bomba refu lenye tumbo, lililopimwa urefu ili mawimbi ya moshi yairudishe sehemu ya mchanganyiko ndani ya silinda, nalo likifungwa kwa kamba ya chuma kwenye ganda ilhali injini inatikisika, ufa hutokea kwenye kiwiko karibu na silinda. Tiba yake ni kiungo cha silikoni na kishikizo cha raba mwishoni. Mabomba ya maji ya kupoza yawe ya silikoni na yaachiwe urefu wa kupinda. Waya wa kabureta uwe mwembamba unaonyumbulika, maana fimbo ngumu huupeleka mtikisiko wote moja kwa moja kwenye meno ya sevo, na pia hufungua na kufunga kabureta kwa kiasi kidogo pasipo amri ya mwendeshaji. Kwa boti zinazotumia shafti iliyonyooka badala ya kebo, kiungo chenye uwezo wa kukubali mpindo kati ya shafti na kranki si cha hiari. Tangi lizungushiwe sponji pande zote lisiguse ganda popote, na kipokezi cha redio pamoja na betri yake vikae ndani ya sanduku lisilopenya maji, navyo vimefungwa sponji vilevile. Mfumo wa redio upangwe ili mawasiliano yakikatika kabureta ijifunge yenyewe, kwa kuwa boti ya kilo saba iliyopoteza amri ni hatari kwa kila aliye majini na ukingoni.

Propela ndiyo chanzo cha pili cha mtetemo, na ubaya wake ni kwamba raba za injini haziwezi kuuzuia, kwa maana huingia katika ganda kupitia mguu wa nyuma. Hesabu yake inafanana na ile ya pistoni: jani moja likiwa zito kuliko jingine kwa nusu gramu tu, umbali wa milimita 30 kutoka katikati, kwenye mizunguko 15,000 huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 4 inayozunguka mara 250 kwa sekunde. Propela za Octura za Marekani, zinazotumiwa sana katika mchezo huu, huuzwa zikiwa bado zinahitaji kunolewa na kusawazishwa na mnunuzi; ile iitwayo X470, kwa mfano, ina kipenyo cha milimita 70, na tarakimu 4 humaanisha kwamba kwa mzunguko mmoja ingesonga mbele mara 1.4 ya kipenyo hicho, yaani milimita 98, kama maji yasingeteleza. Kusawazisha hufanywa kwa kuiweka propela juu ya mhimili mwembamba usio na msuguano, kuangalia jani lipi linashuka, na kulipunguza kwa msasa nyuma yake hadi propela ikae popote inapowekwa. Nyingi ya propela hizo ni za mchanganyiko wa shaba na beriliamu, na vumbi la beriliamu likivutwa huumiza mapafu kwa ugonjwa usiopona, kwa hiyo msasa utumike chini ya maji, vumbi lisipate kuruka hata kidogo, na mabaki yafutwe kwa kitambaa chenye maji na kutupwa. Onyo hili halipewi uzito unaostahili, na fundi anayesaga propela kavu sebuleni huwadhuru pia wanaoishi naye.

Zimebaki reli zenyewe, ambazo hugundishwa kwenye ganda kwa epoksi. Faibaglasi ikwanguliwe kwa msasa wa kukwaruza hadi mng'ao wote utoke na ifutwe kwa spiriti, kwani gundi haishiki juu ya nta iliyoachwa na kalibu ya kuundia. Reli ndefu ni bora kuliko fupi, kwa sababu huitawanya nguvu iliyobaki katika eneo kubwa la ganda, na kuwepo kwake kwa urefu humwezesha mwenye boti kuisogeza injini mbele au nyuma mpaka kitovu cha uzito kifike panapotakiwa, ambapo katika boti za umbo la V huwa karibu na asilimia 30 ya urefu kutoka tezi. Kazi hii ifanyike kebo ikiwa imepachikwa, ili injini ijipange yenyewe na bomba la shaba. Raba hazikuwekwa kusahihisha shafti iliyopinda, na zikilazimishwa kufanya hivyo huchoka upande mmoja.

Baada ya kila mbio, ukaguzi huanza kwa macho. Unga mweusi unaofanana na wanja, ukiwa umezunguka kichwa cha bolti kwenye aluminiamu, ni aluminiamu yenyewe iliyosagwa na vipande viwili vinavyosuguana, na ni ushahidi kwamba kiungo kinachodhaniwa kimekaza kinacheza. Sikio nalo lina kazi, kwa sababu injini ya mipigo miwili yenye silinda moja hulipuka mara moja katika kila mzunguko, hivyo programu yoyote ya simu inayopima marudio ya sauti, ikirekodi boti inapopita, itatoa namba ambayo ikizidishwa kwa 60 huwa ni mizunguko kwa dakika: hezi 230 ni mizunguko 13,800. Namba hiyo ikilinganishwa na marudio asilia yaliyopimwa mezani kwa chupa za maji, mwenye boti hujua kabla ya msimu kuanza kama raba zake ziko mbali vya kutosha na kasi anayoikimbiza, au kama ni lazima atafute zilizo laini zaidi.